Mkokoteni Ukishika Mteremko

Leo nazungumza habari ya kitu kinachoteremka mlima: kinaipata wapi nguvu ile, inakwenda wapi kikisimama, na kwa nini kila mwaka nguvu hiyo inaua watu katika barabara zetu. Sitaanzia maabara. Nitaanzia Kariobangi, kwa watu wa mikokoteni, kwa maana sioni kundi jingine Nairobi linaloijua nishati ya mwendo kwa mabega na magoti kama wao.

Ukipita Kariobangi ndani ya matatu utasema huu ni mtaa wa tambarare. Gari lina injini, halisikii kitu. Lakini Nairobi nzima imeinama kuelekea mashariki, ndiyo maana Mto Nairobi unatoka kule juu, unapita katikati ya jiji, unatufikia sisi na kuendelea Korogocho na Dandora. Barabara yoyote inayoelekea mtoni inashuka, kisha ikivuka inapanda. Outering yenyewe, kutoka Allsops mpaka upande wa Embakasi, ni kushuka na kupanda, kushuka na kupanda. Mwenye matatu hubadilisha gia tu akaendelea na muziki wake. Mwenye mkokoteni wa maji anaujua mteremko kuanzia hatua ya kwanza, kwa sababu mzigo uliokuwa ukimvuta nyuma sasa unamsukuma mbele.

Tuutazame mkokoteni kwa karibu. Chini kuna ekseli moja iliyotolewa kwenye gari kuukuu, na magurudumu mawili ya mpira. Juu ya ekseli kuna jukwaa la mbao. Mbele kuna mikono miwili mirefu iliyounganishwa, na mwenye kazi anasimama humo ndani, mzigo ukiwa mgongoni pake. Ukizunguka nyuma na kuinama, utaona chini ya mkia kipande cha tairi, kimepigiliwa misumari au kimefungwa kwa waya, kimelika upande mmoja mpaka nyuzi zimetokeza. Hiyo ndiyo breki. Hakuna nyingine.

Namna ya kuitumia ni hivi. Akikaribia mteremko, mwenye mkokoteni anaiinua ile mikono juu ya kiuno, wakati mwingine mpaka mabegani. Mbele kukipanda, nyuma kunashuka, na kile kipande cha tairi kinalalia lami. Unasikia mkwaruzo, unanusa mpira uliopata moto, na barabarani unabaki mstari mweusi. Yeye ameegemea nyuma, visigino vimekaza, anapaza sauti "Mguu! Mguu!" ili watu watoke njiani. Hatua zake ni fupi. Mtu mwenye haraka nyuma yake anapiga honi akidhani huyu ni mzembe. Si mzembe hata kidogo. Pale anafanya hesabu ngumu, na ningependa tuifanye naye.

Chukua mitungi 20 ya lita 20. Hizo ni lita 400, na lita moja ya maji ina kilo moja, basi ni kilo 400 za maji. Weka na uzito wa mkokoteni wenyewe, tuseme jumla yake ni kilo 500, nusu tani. Sasa tuseme mteremko una urefu wa mita 120, na kutoka juu mpaka chini kimo kinapungua kwa mita 6. Mhandisi angeuita mteremko wa asilimia tano. Machoni pa mpita njia si kitu.

Kitu kilicho juu kina nishati kwa sababu tu kiko juu. Kuipata ni rahisi: kilo zake, mara kumi, mara kimo kwa mita. Hapa ni 500 mara 10 mara 6, sawa na juli 30,000. Juli moja ni kitu kidogo, ni kama kazi ya kuinua nyanya ya gramu 100 kwa mita moja. Lakini 30,000 si kidogo, na hazipotei. Mkokoteni ukishuka zile mita 6, juli zote 30,000 lazima ziende mahali. Ama zigeuke joto kwenye mpira na lami, ama zigeuke mwendo. Hakuna mlango wa tatu.

Zigawe sasa kwa urefu wa mteremko. 30,000 kwa mita 120 ni 250. Yaani kila mita moja mkokoteni unayosonga, mteremko unautia juli 250. Magurudumu yatakula kiasi, hasa yakiwa na upepo mdogo, na mkia ukigusa lami kidogo utakula nyingine. Tuseme vyote viwili vinakula 150. Zinabaki 100 kwa kila mita. Hizo 100 anapaswa kuziondoa mwenye kazi, na kuziondoa ni kuegemea nyuma kwa nguvu inayotosha kushikilia mzigo wa kilo 10. Kilo 10 ni nusu mtungi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuzishika kutoka juu mpaka chini, akitembea, tena akibaki na pumzi ya kusalimia mtu.

Je, asipozishika? Tuseme amechoka, au ameona mteremko ni mfupi akasema atauzuia huko chini. Basi kila mita inaacha juli 100 ndani ya mkokoteni, na hizo zinakuwa kasi. Baada ya mita 30 unakwenda kilomita 12 kwa saa, naye ameshaanza kukimbia. Hapo ndipo mambo yanapoharibika, kwa sababu mtu anayekimbia hana miguu ya kuegemea. Kisigino hakikai chini muda wa kutosha kumzuia hata yeye mwenyewe. Mwisho wa mteremko mkokoteni una juli 12,000 na kasi ya kilomita 25 kwa saa, na yeye yuko mbele yake, kati ya mikono, amevaa sandali. Akitaka kuusimamisha ndani ya mita 10 zilizobaki kabla ya makutano, anahitaji nguvu ya kushikilia kilo 120 mita zote hizo.

Kilo 10 kwa mita 120, au kilo 120 kwa mita 10. Kazi ni ile ile, juli ni zile zile 12,000. Tofauti ni kwamba ya kwanza mwanadamu anaiweza na ya pili haiwezi. Jambo ninalotaka kulisema leo ni hilo, na yote yatakayofuata yanatokana nalo: nishati ya mteremko iondolewe inapoingia, mita kwa mita, kuanzia juu. Ukingoja chini, umechelewa hata kama una nguvu za Samsoni.

Mvua ikinyesha hesabu inabadilika, na watu wa mikokoteni wanajua hivyo vizuri. Mpira juu ya lami kavu unashika kwa nguvu inayokaribia asilimia 70 ya uzito unaoukandamiza. Ili mkia peke yake uondoe juli zote 250 kwa kila mita, unahitaji kilo 35 hivi za uzito juu ya kile kipande cha tairi. Lami ikilowa, ikichanganyika na matope meusi na mafuta ya magari, mshiko unaweza kushuka hadi nusu yake au chini zaidi. Sasa kilo 35 hazitoshi, zinatakiwa 70 au zaidi. Ndiyo maana siku ya mvua utaona mzigo umepangwa upya, mitungi kadhaa imesogezwa nyuma ili mkia uwe mzito, na pengine kuna kijana nyuma ameshika kamba, anavuta kinyume na safari. Hakuna aliyemfundisha mambo ya msuguano. Lakini mkononi mwake anajua ni mtungi wa ngapi unaopaswa kurudi nyuma.

Tuje kwenye kasi yenyewe, kwa sababu kuna jambo juu yake ambalo halikai vizuri kichwani mwa watu wengi, hata madereva. Nishati ya mwendo haiongezeki sambamba na kasi. Inaongezeka kwa kasi mara kasi. Unachukua nusu ya kilo zote, unazidisha kwa kasi, kisha unazidisha tena kwa kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati imekuwa mara nne. Ukiiongeza mara tatu, nishati ni mara tisa.

Ulaya wataalamu walibishana juu ya hili miaka mingi, wengine wakishikilia kwamba kasi ikiwa mara mbili, nguvu ya kitu nayo ni mara mbili, basi. Katika miaka ya 1720 Mholanzi Willem 's Gravesande akaamua kuuliza udongo. Alidondosha mipira ya shaba kutoka vimo mbalimbali juu ya udongo laini wa mfinyanzi, kisha akapima mashimo. Mpira uliofika chini na kasi mara mbili ulichimba shimo mara nne. Baadaye Mfaransa Émilie du Châtelet, mwanamke aliyekuwa bingwa wa hisabati wakati ambapo vyuo havikumfungulia mlango, akalitetea jambo hilo kwa nguvu katika kitabu alichokitoa 1740. Jaribio lile linawezekana hapa kwetu bila gharama. Udongo mweusi wa Eastlands baada ya mvua ni laini wa kutosha, na gololi hazijaisha mtaani. Dondosha moja kutoka mita moja na nyingine ya ukubwa ule ule kutoka mita nne, upime.

Sasa lipeleke shimo hilo barabarani. Matatu iliyojaa, tuseme ina tani 3, ikienda kilomita 40 kwa saa ina juli 185,000 hivi. Ikienda 80 ina 740,000. Katika lami kavu iliyo sawa, breki nzuri zitaisimamisha ile ya kwanza ndani ya mita 9, na ile ya pili ndani ya mita 35, bila kuhesabu umbali iliosafiri dereva alipokuwa bado anaona na kuinua mguu. Mtoto akiingia barabarani mita 15 mbele, ya kwanza ina nafasi ya kumkosa. Ya pili haina. Ongeza mteremko, na breki inapigana vita viwili: kuondoa nishati iliyokwisha kuingia, na kuondoa ile inayoendelea kuingia kila mita. Sheria yetu inaweka kilomita 50 kwa saa mijini, na wengi wanaiona ni ya kusumbua watu. Mimi naiona ni ya haki, na penye mteremko unaopita kando ya shule ningeipunguza tena.

Kuna swali linaloulizwa sana: je, kitu kizito kinashuka mbio kuliko chepesi? Mkokoteni wa mitungi 20 na mkokoteni mtupu, iachiliwe pamoja juu ya mlima, upi utatangulia? Galileo alichunguza mwendo wa vitu vinavyoteremka kwa kuviringisha mpira wa shaba nyeusi kwenye mfereji uliochongwa katika ubao ulioinama, akipima muda kwa maji yanayotiririka kutoka chombo. Aliandika habari zake katika kitabu kilichochapishwa 1638. Uzito, ukiuondolea msuguano na upepo, hauamui kasi. Kimo ndicho kinachoamua. Mita 6 zitakupa kasi ile ile uwe na kilo 5 au kilo 500. Kinachobadilika ni nishati, yaani kile utakachomfanyia yule utakayemgonga, na kazi utakayompa yule atakayekuzuia.

Ila umbo lina neno lake. Hili wafundisheni watoto nyumbani, ni zuri mno. Tafuta makopo mawili ya ukubwa mmoja. Moja liwe la nyanya nzito ambalo halijafunguliwa. Jingine liwe tupu, limekatwa juu na chini, limebaki bomba tu. Inua ubao, uyaachilie pamoja. Lile lililojaa litatangulia. Sababu ni kwamba kitu kinachoviringika kina kazi mbili, kusonga mbele na kuzunguka, na lazima nishati igawanywe. Bomba tupu lina uzito wake wote ukingoni, kwa hiyo nusu ya nishati yake inaliwa na kuzunguka. Kopo lililojaa nyanya nzito linatoa theluthi moja tu. Kisha leta soda ya kopo uishindanishe na zile nyanya. Soda itashinda, maana kimiminika kilicho ndani hakizunguki sana na kopo, kinasonga tu, na karibu nishati yote inabaki kwa mwendo wa mbele. Lori la mafuta likishuka mlima lina tabia zake kwa sababu hizo hizo za kimiminika kutofuata chombo chake, tena kwa hatari zaidi, kwani mafuta yale yanayumba.

Na malori ndiyo nilikuwa nayaendea.

Tarehe 30 Juni 2023, jioni, kwenye makutano ya Londiani katika barabara ya Nakuru kwenda Kericho, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo likavamia magari na watu waliokuwa kando ya barabara: abiria wanaongoja, wachuuzi na bidhaa zao. Walikufa zaidi ya watu 50. Pale makutanoni palikuwa soko, kama ilivyo karibu kila makutano Kenya, kwa sababu mahali magari yanapopunguza mwendo ndipo mtu anapoweza kuuza. Nasikitika kila nikikumbuka. Kabla ya hapo kila msafiri wa barabara hiyo alishajua majina ya Salgaa na Sachang'wan, mahali pa ajali nyingi, na alijua tabia ya madereva wa malori kutia nyutro kwenye mteremko ili kuokoa dizeli.

Fikiria lori la tani 40 likishuka kimo cha mita 300, kama inavyotokea kwenye kuta za Bonde la Ufa. Nishati yake ni juli milioni 120. Zikigeuka joto zote, zinaweza kuchemsha lita 350 za maji kutoka baridi ya kawaida mpaka yatokote. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akiteremka na gia nzito, injini inazungushwa na magurudumu na kuyazuia kwa kubana hewa, na joto linatoka kidogo kidogo kupitia injini yenyewe. Injini imeumbwa kustahimili joto. Akitia nyutro, injini haimsaidii tena, na juli zote zinaangukia breki. Dramu zinapata moto, vitambaa vya breki vinapoteza mshiko, na anapofika penye kona au makutano anakanyaga pedali na hakuna kitu. Madereva wa zamani wana kanuni: shuka na gia uliyopandia. Ni kanuni ya mtu wa mkokoteni, inasema ondoa kuanzia juu. Na dizeli aliyookoa yule mwenye nyutro ni ya bei gani?

Bodaboda wanaozima injini wakishuka wanafanya kosa la lori kwa kiasi kidogo. Vijana wangu, petroli mnayookoa hapo haijazi kizibo.

Kuhusu vidhibiti mwendo, nalo lisemwe. Kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza kufanya kazi Februari 2004, matatu zililazimika kufungwa vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa na mikanda ya viti, na nidhamu ilionekana. Naziheshimu kanuni hizo mpaka leo. Lakini kidhibiti kinachofanya kazi kwa kukata mafuta kinadhibiti injini, na mteremko hauombi mafuta. Gari linaweza kupita 80 kidhibiti kikiwa kizima kabisa, kimekata mafuta kama kilivyoagizwa, na mlima ukaendelea kumimina juli zake. Abiria akiona dereva anateremka injini ikiwa kimya, gari likiwa kwenye nyutro, ana haki ya kupaza sauti.

Lakini mteremko si adui. Maji yale yaliyo ndani ya mitungi yametufikia kwa mteremko. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi inatoka upande wa Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini lililokamilika 1994, na yanashuka kupitia mtambo wa Ng'ethu mpaka Gigiri, kimo kikifanya kazi ambayo bila hivyo tungeilipia umeme. Nayo mabomba ya milimani yana siri ya watu wa mikokoteni. Mahali maji yanaposhuka sana, mafundi huweka matangi njiani ya kuvunja shinikizo, ili lisijikusanye lote na kupasua bomba huko chini. Kinachoniuma ni kwamba maji yaliyosafiri bure mlima wote huo yanaishia kwenye kioski, halafu kilomita ya mwisho yanabebwa na mgongo wa mtu kwa sababu mfereji wa nyumbani umekauka.

Reli nayo iliwahi kuutumia mteremko kwa akili. Ilipofika Nairobi 1899, mbele yake kulikuwa na ukuta wa Bonde la Ufa upande wa Kikuyu. Madaraja ya kupitisha treni yalipokuwa bado yanajengwa, wahandisi walitandika njia za muda zilizoshuka moja kwa moja genge lile, na mabehewa yakashushwa kwa kamba za chuma, vifaa vikatangulia chini na kazi ikaendelea hadi reli ilipofika ziwa Victoria 1901. Katika njia ya namna hiyo, behewa zito linaloshuka linaweza kulivuta jingine jepesi lipande upande wa pili wa kamba. Nishati inayotoka huku inaingia kule, haiachwi ikajikusanya kuwa kasi.

Basi kwetu tufanyeje? Nina mambo mawili ya kusema, nayo yanawezekana.

La kwanza ni kwa Kaunti. Mwaka 2015 Nairobi ilipitisha sera ya usafiri usiotumia injini, wa miguu, baiskeli na mikokoteni, na ikajifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili yake. Outering imepanuliwa, ina njia nyingi za magari na madaraja ya waendao kwa miguu, lakini mtu wa mkokoteni hawezi kuyapanda na mitungi 20. Anabaki ukingoni, kati ya matatu na mtaro. Mteremko unahitaji njia ya pembeni yenye upana wa mkokoteni mmoja na nafasi ya kusimama, na matuta yawekwe juu, pale nishati inapoanza kuingia, kisha yarudiwe njiani. Sasa tunaweka tuta moja chini kabisa, tena halijapakwa rangi, yaani tunamwambia mtu alipe yote kwa mpigo mmoja.

La pili ni kwa mafundi wa Kariobangi Light Industries, na kwenu nina imani zaidi. Ekseli mnayoitia chini ya mkokoteni ilikuwa ya gari. Mara nyingi ilikuwa na dramu na breki zake, na waya wa hendibreki uliofanya kazi bila injini, bila mafuta ya breki, kwa mkono wa mtu tu. Mnapoikata ekseli, dramu zinaenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ziacheni. Safisheni vitambaa, rudisheni springi, tieni kishikio kwenye mkono wa kulia wa mkokoteni mahali vidole vinapofika bila kuuachilia mkono wenyewe, na waya uvute pande zote mbili kwa usawa, usije mkokoteni ukageukia upande mmoja. Msitumie waya wa breki ya baiskeli, hautahimili nusu tani. Jaribuni kwanza na mitungi mitano, kisha kumi, kwenye mteremko mfupi, mtu mmoja akiwa nyuma na kamba.

Na kile kipande cha tairi chini ya mkia msikitoe. Waya ukikatika njiani, kitakuwa bado kipo.